Wa Kwanza Nyumbani Kuwa na Siku Yake



Nyumbani kwetu tuko wanne. Watatu ni wakubwa, na kadi zetu zote tatu zinasema tulizaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza. Mama, binti yake na kijana wake, siku moja, miaka tu ndiyo tofauti. Kule kwetu Rutshuru siku hiyo inaitwa Bonane, ndiyo mwaka mpya. Kwa hiyo tukitaniana tunasema sisi ni ukoo wa Bonane. Hapa Nakivale ukoo huo ni mkubwa, bwana. Piga hodi nyumba kumi, ndugu zetu hutawakosa.

Wa nne ni mtoto. Jina lake hatuliandiki, maana kikundi chetu kilishakubaliana majina ya watoto yasiwekwe mtandaoni. Tutamwita Bebe, na nyumbani ndivyo tunavyomwita kweli. Bebe alizaliwa kwenye kituo cha afya hapa hapa kambini, tarehe 14 mwezi wa kumi 2022, saa tisa usiku. Muuguzi aliandika kila kitu kwenye kadi: siku, mwezi, mwaka, hata uzito, kilo 2.9. Mama aliishika ile kadi kwenye mwanga wa simu akaiangalia sana, na Mama hajui kusoma. Akauliza, "Hapa banaandika siku yake kabisa? Haiko Bonane?" Tukamwambia hapana, ni siku yake mwenyewe.

Haya tunayoandika ni habari ya siku hiyo iliporudi mara ya pili, mwaka 2024, na tulivyompeleka Bebe mjini Mbarara.

Kwanza tuwaeleze sisi wengine tulivyoingia kwenye ukoo wa Bonane. Papa, kabla hajafariki, alikuwa na daftari. Kurasa za nyuma aliandika siku tulizozaliwa, siku ng'ombe alipozaa, siku aliyomkopesha mtu pesa. Sisi hatukuzishika zile tarehe kichwani. Uzishike za nini, na daftari liko? Mwezi wa sita 2022 vita vilipofika Bunagana tulivuka mpaka mikono mitupu, yaya akiwa na mimba ya miezi mitano. Daftari likabaki ndani ya nyumba. Baba yake Bebe alirudi nyuma kumtafuta mama yake mzazi, na mpaka leo hatuna habari yake.

Tulipofika Nyakabande, kule Kisoro, tuliandikishwa. Karani aliuliza tarehe ya kuzaliwa. Watoto wawili tulijua mwaka tu. Mama hata mwaka alikuwa anakisia. Nyuma yetu watu walikuwa mstari mrefu, wengine na watoto mgongoni, wengine wagonjwa. Karani akaandika 1/1 mara tatu na kutupisha. Hatumlaumu. Yule mtu alikuwa hajala tangu asubuhi, tulimwona. Lakini ndiyo hivyo, ukishaandikwa, umeandikwa.

Mtu atasema, siku ya kuzaliwa ni kitu gani mbele ya njaa? Ni kweli, hakuna aliyekufa kwa kukosa tarehe. Ila Bonane ni siku ya kila mtu. Watu wote wanapika, wote wanavaa, wote wanasalimiana, na wewe unapita humo ndani bila mtu kujua kwamba ati ni siku yako. Hata wewe mwenyewe hujui.

Kwa hiyo Bebe alipokaribia miaka miwili tulikaa chini sisi watatu tukaongea. Wa kwanza katika nyumba yetu kuwa na siku yake, tutaiacha ipite? Tulianza kuweka pesa mwezi wa tano. Yaya anasuka nywele. Mama analima kipande chetu, aliuza mahindi mabichi. Mjomba wake Bebe, ndiye anayewaandikia haya kwa niaba ya nyumba, anajitolea kutafsiri kwenye kituo cha afya na anapata posho ndogo. Kila mmoja aliweka alichoweza kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwezi wa kumi ulipoingia tulihesabu shilingi 110,000.

Maneno yalianza bombani. Mnajua mambo ya kwenye foleni ya maji. Mama mmoja jirani yetu, mtu mwema, aliyetuazima sufuria siku ya kwanza tulipofika, alisema kwa sauti ili tusikie: "Chakula banatukatia, na bale banaenda kutembeza mutoto mu muji! Hata hatakumbuka!"

Hatukumjibu. Lakini usiku hatukulala vizuri, kwa sababu alichosema na sisi tulikuwa tumeshakisema moyoni. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula unagawanywa kwa makundi, na wengi mnajua maana yake ni nini mwisho wa mwezi. Ile 110,000 kwa bei ya siku zile ilikuwa karibu kilo 40 za unga. Mama akasema tuache. Akasema tununue unga, siku ya Bebe tupike wali, basi. Mjomba mtu naye alikubali, maana kila siku kituoni anatafsiri maneno ya akina mama wenye watoto waliopungua uzito, na ile hesabu ya unga ilikuwa inamkaa kooni.

Yaya ndiye alikataa. Alisema, "Akumbuke ao asikumbuke, ni sawa. Sisi njo tutakumbuka. Na mimi niko na haja ya kukumbuka kitu ya muzuri juu ya huyu mutoto, si mimba yake tu mu njia."

Hapo wote tukanyamaza. Tena tukamkumbuka Papa. Kila Bonane Papa alikuwa anatupeleka kwa miguu mpaka Rutshuru-centre, tumevaa nguo mpya au zilizopigwa pasi zikafanana na mpya. Tunanunuliwa Fanta moja, tunagawana. Halafu tunaenda kwa mpiga picha mwenye kitambaa kilichochorwa ndege na maghorofa, tunasimama mbele ya ile ndege kama watu wanaosafiri. Miaka ile nayo ilikuwa mibaya, vita havikuanza jana kwetu. Papa hakungoja vita viishe ndipo atununulie Fanta. Angengoja, tusingekuwa na kitu cha kukumbuka. Zile picha zote zilibaki pamoja na daftari.

Basi tukaamua tunaenda. Na tunaenda tarehe 14 yenyewe, ingawa ilikuwa Jumatatu, siku ya kazi. Mjomba aliomba ruhusa kituoni. Msimamizi wake alipouliza sababu akamwambia ukweli, mtoto wetu anatimiza miaka miwili. Msimamizi alicheka, akasaini.

Kitu kigumu kilikuwa Mama. Tangu tushushwe Nakivale Mama hakuwahi kutoka nje ya kambi, miaka miwili na zaidi. Kila safari anasema, "Muende, mimi nitabakia kuchunga nyumba." Nyumba yenyewe ina nini cha kuchunga? Tulidhani anaogopa polisi, tukamweleza kwamba sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea nchini, na tutabeba karatasi ya familia. Akasema anajua. Tukadhani ni nauli. Akasema si nauli. Asubuhi ile saa kumi na moja tulikuwa tayari, yeye amekaa kitandani hajavaa. Bebe aliamka, akaona watu wamevaa viatu. Akaenda chini ya kitanda, akavuta kandambili za Koko wake moja moja, akaziweka mlangoni pamoja na za wengine. Hakuna aliyemwambia. Mama akaziangalia, akasema, "Sawa basi," akavaa kitenge chake cha kanisa.

Taksi ya Base Camp mnaijua. Imeandikwa watu 14, tulipofika 19 tukaacha kuhesabu. Nauli elfu kumi kila mkubwa, Bebe bure mapajani. Chini ya viti kulikuwa na samaki wa ziwa letu wanaoenda sokoni, na harufu yake pamoja na kona za njia zilimshinda Bebe. Alitapikia shati la mjomba, lile jeupe, la picha. Mama mmoja wa Kisomali aliyekaa mbele alitupa chupa yake ya maji na kitambaa bila kuulizwa. Hatukuelewana lugha, tulielewana shati.

Baada ya hapo Bebe alikaa dirishani. Isingiro ni nchi ya migomba, vilima vimefunikwa kabisa, na katikati unaona ng'ombe wa Ankole na pembe zao zile ndefu. Bebe alikuwa anajua maneno machache tu, na la ng'ombe alilipata kwa watoto wachungaji wanaopita karibu na kwetu, kwa hiyo analisema kwa Runyankole. "Ente! Ente!" Kila ng'ombe, njia nzima. Abiria wenyeji wakaanza kumsaidia kuwatafuta. "Ente ile pale!" Mzee mmoja akatuuliza mtoto ni wa wapi. Tukamwambia wa Nakivale. Ni mara ya kwanza tulisema hivyo, na lilikuwa jibu la kweli. Sisi ni wa Rutshuru, lakini yeye ni wa Nakivale.

Mbarara ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Kwa mtu wa Kampala labda ni mji mdogo, lakini kwa anayetoka kwetu ni jiji kabisa, maghorofa, benki, pikipiki kama siafu. Mama alimbeba Bebe mgongoni akamfunga kwa kitenge mara mbili, fundo juu ya fundo. Alitembea akigusa kuta. Hapo ndipo tulianza kuelewa kwamba hakuwa anaogopa polisi. Ni watu wengi. Mara ya mwisho Mama kuona watu wengi hivyo wakienda mbio upande mmoja ilikuwa njia ya Bunagana. Tukamweka katikati, mmoja mbele, mmoja nyuma, tukatembea polepole kama kwato za mgonjwa.

Kitu cha kwanza tulitafuta maziwa. Huko ni nchi ya maziwa, kuna vyumba vidogo vinauza maziwa tu, ya moto au ya baridi, kwa kikombe. Tulinunua ya 3,000 tukakaa kwenye benchi. Bebe alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka akapata masharubu meupe, akakitoa mdomoni, akasema neno lake lingine: "Tena!" Mama alikunywa nusu, akakaa kimya, halafu akasema yanafanana na ya ng'ombe wa Papa. Mwenye duka alimsalimu, "Agandi, nyabo." Mama akajibu, "Ni marungi." Kumbe alikuwa anajua! Miaka miwili anawasikia wenyeji sokoni, hajawahi kulisema hata neno moja mbele yetu.

Halafu picha. Mjomba alinunuliwa shati? Hapana, pesa ilikuwa imehesabiwa. Aligeuza shati nyuma mbele na kusimama nyuma ya yaya. Mpiga picha alitaka tucheke, Mama akakataa, kwetu picha si mahali pa kucheka. Bebe alikataa kusimama peke yake, akakataa kukaa kwenye kiti cha plastiki, akakubali mkono wa Koko wake tu. Kwa hiyo kwenye picha Mama amesimama wima kama mkuu wa kijiji, Bebe amemshika kidole, na sisi wengine tunachungulia nyuma. Tulilipa 5,000, nakala mbili. Moja iko ukutani. Ya pili yaya aliiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za familia. Hatukumuuliza ni ya nani.

Tulikwenda pia kuona ile sanamu ya ng'ombe. Tulifikiri Bebe atapiga kelele. Hakupiga. Alisimama chini yake akaangalia zile pembe juu, muda mrefu kuliko tulivyowahi kumwona akitulia. Halafu akainua mkono na kuisalimu kama anavyosalimu wazee: "Agandi." Ng'ombe hakujibu. Akatugeukia na uso wa kuuliza amekosea wapi.

Saa saba tuliingia kwenye hoteli ndogo ya chakula, tukaagiza sahani mbili kubwa za wali, matoke na nyama, 18,000, na sahani za kugawana. Keki tulishaichukua kwenye duka la mikate, ndogo, 12,000. Na mlangoni kijana alikuwa anauza baluni, tukanunua mbili za 2,000, nyekundu na njano.

Hapa tunaandika polepole.

Bebe alikuwa amekaa juu ya meza, anapiga baluni nyekundu kwa mikono yote. Sisi tulikuwa tunacheka. Ikagusa kitu, labda uma, labda msumari wa meza, ikapasuka. Mlio ulikuwa mmoja tu, pa!

Tulipojielewa tulikuwa chini. Wakubwa wote watatu. Yaya alikuwa amemvuta Bebe kutoka mezani na kumlalia. Mama alikuwa chini ya meza, mikono juu ya kichwa. Mjomba mtu alikuwa ameshika mguu wa meza kama mtu anayetaka kuiangusha iwe ukuta. Wali ulikuwa sakafuni. Hotelini watu wote walinyamaza wakituangalia. Na katika ule ukimya, kutoka chini ya kifua cha mama yake, tulisikia Bebe anacheka. Anacheka kabisa, tumbo linatikisika. Akatoa kichwa nje akasema, "Tena!"

Hatujui kuwaeleza tulivyojisikia. Aibu ilikuwepo, ya watu kutuona. Woga ulikuwa bado kwenye magoti. Na kulikuwa na kitu kingine. Huyu mtoto alikuwa tumboni njia nzima ya kukimbia. Kila mlio uliotuangusha ulipita juu yake. Na hana hata mmoja. Kwake pa ni kitu cha kuchekesha. Tulikaa pale sakafuni tukimwangalia kama watu wanaomwona mgeni wa nchi nyingine.

Dada anayehudumia alikuja. Hakusema kitu, aliinua sahani, akafuta. Halafu akainama karibu na Mama na kumuuliza taratibu kwa Kiswahili chake, "Nyabo, ni nini?" Mama akatoka chini ya meza, akajifunga kitenge vizuri, akajibu, "Ni mambo ya zamani." Yule dada akaitika kwa kichwa tu. Alirudi na wali mwingine na hakuuandika kwenye hesabu.

Mama alikula. Alipomaliza akachukua ile baluni ya njano iliyobaki, akaifungua fundo kwa meno, akaiachia upepo kidogo kidogo usoni kwa Bebe, puuuu, Bebe akifumba macho na kucheka. Mpaka ikaisha. Akaikunja akaiweka mfukoni, ati ya kuchezea nyumbani.

Mwisho tulinunua viatu vya Bebe sokoni, 8,000, vinavyolia vikikanyagwa. Mvua ikatukuta kituo cha taksi. Mnajua njia yetu ikinyesha. Tulikwama mara mbili, wanaume wote walishuka kusukuma, na lile shati la mjomba likapata rangi ya tatu. Keki ilikaliwa na mtu kwenye giza. Hatukumpata aliyeikalia, wote walikana.

Tulifika nyumbani karibu saa tatu usiku, tope mpaka magotini, Bebe amelala na viatu vyake vinalia kila tukimgeuza. Mlangoni kulikuwa na watu. Jirani yule yule wa bombani alikuwa amesimama na jagi la maji, na nyuma yake watoto wake na wa nyumba zingine, kila mmoja na kikombe.

Kwa wasiojua, kwetu mtu akitimiza mwaka anamwagiwa maji. Ni furaha, na ni fujo kidogo. Lakini hapa maji ni foleni ya saa mbili, jerikani moja unaihesabu kwa vikombe. Jirani akasema, "Mulikuwa munafikiri tutaacha mutoto alale mukavu?" Akamwamsha Bebe kwa matone matatu utosini. Watoto nao, mmoja mmoja, kidogo kidogo. Tope likatoka. Bebe alishangaa, akaangalia angani kama mvua imerudi, halafu, mmeshajua alisema nini.

Tulikata ile keki iliyokaliwa vipande 14. Jirani alikula chake taratibu. Akasema, "Muliona nini kule?" Mama ndiye aliyejibu. Mama, ambaye miaka miwili alikuwa anachunga nyumba, alisimulia safari nzima, maziwa, ng'ombe, picha, na hata baluni. Alipofika kwenye baluni hakuficha kitu. Akaonyesha alivyoingia chini ya meza. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, halafu jirani akasema, "Mimi ni mulango. Mulango ukijifunga na upepo." Mzee mmoja akasema yeye ni pikipiki inapowashwa. Kila mtu akasema chake. Miaka miwili tumekaa nyumba kwa nyumba na hatukuwahi kuambiana.

Watu walipoondoka tulihesabu. Nauli 60,000, chakula 18,000, keki 12,000, viatu 8,000, picha 5,000, maziwa 3,000, baluni 2,000. Zimebaki 2,000. Na mwezi ule ulikuwa mgumu, hatutawadanganya. Wiki ya mwisho tulikula mara moja kwa siku, na Bebe mara mbili. Kwa hiyo hatusemi kila familia ifanye kama sisi. Kama kwako kuna mgonjwa, au mtoto hana chakula cha kesho, anza na hilo. Na sherehe haihitaji Mbarara. Maji kwenye jagi yalikuwa bure na ndiyo Bebe alipenda kuliko vyote baada ya ng'ombe.

Kama mtaenda na mtoto mdogo, tuliyojifunza ni haya. Bebeni karatasi ya familia na kadi ya chanjo. Mpeni mtoto chakula kidogo kabla ya taksi, si kingi. Ulizeni asubuhi gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Semeni bei kabla ya kukaa. Na kama nyumbani kuna mtu anayesema kila mara "nitabaki kuchunga nyumba", msimlazimishe, lakini msiache kumuuliza.

Kwa ninyi mnaofanya kazi nasi tuna ombi moja. Mtu akisema hajui siku aliyozaliwa, kama foleni inaruhusu, ulizeni swali moja zaidi. Ulikuwa msimu gani? Kulitokea nini mwaka ule? Watu wengi hawana tarehe, lakini habari wanayo. Na wazazi wanaojifungua hapa wasaidieni watunze ile kadi ya kituo na kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Kadi inalowa, inaliwa na panya, inabaki nyuma kama daftari la Papa.

Tunasema hivi kwa sababu ya kilichotokea siku mbili baadaye. Jioni Mama alikuwa anaota moto, akauliza bila kutuangalia, "Na mimi, naweza pata siku yangu?"

Tukamuuliza anajua nini. Akasema mama yake alimwambia hivi: siku Nyiragongo ilipopasuka, watu wote walitoka nje kuangalia upande wa Goma, naye aliwekwa chini kwenye mkeka akakaa mwenyewe bila kushikwa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa. Na alizaliwa wakati wa kuvuna maharage.

Nyiragongo ilipasuka tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977. Mjomba mtu aliuliza muuguzi kituoni mtoto anaanza kukaa mwenyewe na miezi mingapi. Akasema sita, saba hivi. Tukahesabu kurudi nyuma, tukafika mwezi wa sita au wa saba 1976, na kwetu maharage yanavunwa mwezi wa sita. Inakubaliana kabisa. Siku yenyewe hatuwezi kuijua, kwa hiyo tulimwambia Mama achague. Alifikiri sana. Akachagua tarehe 14, afanane na Bebe.

Kadi yake bado inasema 1/1 na labda itasema hivyo siku zote. Lakini zile shilingi 2,000 zilizobaki Mama alizichukua yeye mwenyewe akazirudisha kwenye kopo. Anasema mwezi wa sita anataka maziwa ya baridi, na baluni hapana.

Na ninyi, ndugu zetu wa ukoo wa Bonane, siku zenu za kweli ni zipi? Waulizeni wazee wenu wakiwa bado wapo, mtuandikie.